Oili ya Shukrani

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Lydiah. Injini ilikuwa bado inanguruma.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita, na hapo ndipo alipo, msomaji: nyuma ya usukani wa Pijo kuukuu ya dizeli, katika ua wa mtaa wa Jericho, Nairobi, saa moja asubuhi, mdomo wazi. Ameuchomoa ufunguo. Amevuta kile kishikio cheusi cha kuzimia dizeli mpaka waya ukaishia. Mguu wake hauko kwenye mafuta. Lakini injini inapanda, inazidi kupanda, inalia kama mashine ya posho iliyoishiwa mahindi.

"Zima, Mama Nduta!" Wangu, jirani na mwanakikundi mwenzake, alimpigia Lydiah kelele kutoka mlangoni kwake.

"Nimezima!"

"Zima tena!"

"Nizime nini tena, Wangu? Ufunguo huu hapa!"

Moshi mzito wa buluu ulifunika nguo zilizoanikwa. Kijana mmoja wa ghorofani alitoa kichwa dirishani.

"Niaje, mama! Hiyo ndege inapaa saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Nthoki, kiondo mapajani, amevaa rinda lake la kanisani. Kama umejiunga nasi leo, jua hili moja na litakutosha: saa nane mchana wa leo mjane huyu anatakiwa kusimama katika shamba lake, mbele kidogo ya Tala. Wapimaji wa ardhi wanapita leo tu. Asiyesimama kwenye mpaka wake ataonyeshewa na mwingine, na mwingine huyo ni shemeji yake Maingi, ambaye tangu siku ya mazishi hajaficha kwamba anakitaka kile kipande cha chini chenye maji.

Basi la kwanza la Tala liliondoka alfajiri. La pili ni saa tisa. Lililobaki ni gari hili la kikundi cha kina mama cha Tujikaze, na dereva aliyebaki ni mwenyekiti wao Lydiah, mwanamke pekee wa kikundi mwenye leseni.

Na sasa gari limepagawa.

"Tokeni humo ndani! Injini itapasuka!"

Alikuwa Nyamai, fundi wa dizeli katika gereji moja ya Industrial Area, mkazi wa nyumba za nyuma. Alikuja mbio kutoka bombani, taulo begani, mswaki bado mdomoni. Aliinua boneti, akautema mswaki.

"Inyimeni hewa!"

"Hewa gani?" Lydiah alikuwa ameshashuka, amemvuta Nthoki kwa mkono.

"Inayovuta! Haitaki dizeli tena, inakula oili yake yenyewe! Ziba mdomo wake!"

Nyamai aling'oa bomba la hewa kwa mikono mitupu. Lydiah alivua sweta, akalisukuma pale tundu lilipokuwa. Injini iliuvuta mkono mmoja mzima wa sweta, ikaumeza kama tonge, na kelele ikazidi.

"Si nguo, mama! Nguo italiwa! Kitu bapa! Kigumu!"

Wangu alipotea ndani ya nyumba yake. Alirudi na kibao cha chapati, unga ungali juu yake.

Nyamai alichomoa sweta lililoraruka, akakibandika kibao kwenye tundu, akakikandamiza kwa viganja vyote viwili. Injini ilikohoa. Gari zima lilitikisika mpaka kioo cha pembeni kikaanguka. Ikakohoa tena.

Ikanyamaza.

Hata kuku wa Jericho walinyamaza.

"Imekufa?" Lydiah aliuliza.

"Imezimia. Kama imekufa tutajua tukiiamsha."

Nthoki alikuwa amesimama kando ya kamba ya nguo, kiondo kimekumbatiwa kifuani.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja na robo," Wangu akasema. "Bado mapema, dada. Usianze."

Faraja hiyo ilikuwa ya huruma tu; bila gari, mapema haikuwa na maana.

*

Nyamai alilala chini ya gari na karai la kufulia. Akafungua nati ya chini. Oili ilimwagika nyeusi, ikajaa karai, ikaendelea kuja.

"Leteni lingine!"

Wakaleta sufuria ya kikundi, ile ya kupikia githeri ya mikutano. Nayo ikafika nusu.

Fundi alitoka chini, akaitazama ile oili, kisha akawatazama wale wanawake. Sasa walikuwa wamefika wanane, kila mmoja na leso yake na swali lake.

"Injini hii inataka lita tano," alisema. "Hapa kuna zaidi ya tisa. Nani ameweka?"

Wanawake walikaza leso zao.

"Mama zangu, siulizi kwa ubaya. Dizeli si petroli. Haina cheche ya kuiwasha. Inaikandamiza hewa mpaka inawaka moto, na chochote kinachoungua kikiingia humo, itakichoma na kukimbia nacho. Hii injini ni mzee. Saa ya kilomita imerudi sufuri mara mbili. Ringi za pistoni zimelika, kwa hiyo inapumulia tumboni, na pumzi ile inarudishwa kwenye bomba la hewa. Oili ikizidi tumboni, inapanda na pumzi. Ikifika mdomoni, inakuwa chakula. Hapo ufunguo ni wa nini? Nani ameweka?"

Wangu alikohoa kidogo.

"Mimi niliweka chupa moja. Niliporudi Limuru kumzika shangazi. Ningelirudishaje kavu?"

"Hata mimi chupa," mwingine alisema kutoka nyuma. "Siku ya posa ya binti yangu."

"Mimi nusu chupa."

"Mimi niliweka ile iliyobaki ya mzee wangu."

Nyamai aliwageukia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu wagonjwa.

"Na hakuna aliyepima? Kijiti cha kupimia kiko hapo! Unakichomoa, unakifuta, unatazama!"

Wanawake walitazamana. Wangu ndiye aliyejibu, na alijibu kwa hasira ya mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Nikichomoe mbele ya nani? Jirani akinirudishia sufuria, naiinua juu kutazama kama ameisugua? Kupima ni kumkagua mwenzako. Utasemwa mpaka Makadara."

Ndivyo tulivyolelewa, msomaji. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiazima ungo, unaurudisha na maharagwe kidogo ndani. Ukipewa kibuyu, unakirudisha na uji. Kina mama wa Tujikaze walikuwa wameazimana gari kwa miaka minne, na gari lile halikuwahi kulala njiani hata siku moja. Oili ilikuwa ndiyo maharagwe yao. Zamani ringi zilipokuwa nzima, injini iliivumilia adabu hiyo. Sasa imezeeka, imeshindwa.

"Mimi mwenyewe niliweka," Lydiah alisema kwa sauti kavu. "Jumapili. Mwenyekiti mzima, na diploma yangu ya chuo. Endelea, fundi."

"Lakini hizi chupa zote hazifiki tisa. Kuna mtu ameweka nyingi. Na hivi karibuni."

Hapo ndipo kiondo cha Nthoki kilipoanguka.

"Ni mimi," alisema. "Jana jioni. Mkebe mzima, ule wa galoni. Nilijua mnaniendesha bure mpaka Tala, na nitarudi nimechoka, labda nisahau. Nikaona nitoe shukrani kabla."

Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na rinda lake la kanisani.

"Nimejifungia njia kwa mkono wangu," alisema. "Saa ngapi?"

Lydiah alikiokota kiondo, akampigapiga vumbi begani kama anavyompigapiga bintiye.

"Saa mbili kasoro," alisema. "Simama, dada. Utachafuka."

*

Saa tatu ilipita. Saa nne ikapita.

Nyamai alirudisha lita tano, akazipima mbele yao, akamlazimisha kila mmoja atazame kijiti. Akawasha. Kimya. Akagundua kwamba plagi za kupasha moto, tatu kati ya nne, zilikuwa zimeungua. Betri ikalegea. Tena ile tafrani ya asubuhi ilikuwa imeingiza hewa kwenye bomba la dizeli, na dizeli yenye hewa ni kama chai isiyo na maji. Akapampu kwa mkono, akalegeza nati, mapovu yakatoka. Akapampu. Mapovu.

"Inawezekana?" Lydiah aliuliza.

"Inawezekana."

"Inawezekana leo?"

Fundi alipampu.

Nthoki alikaa kwenye ngazi na Wangu. Alikuwa anasema peke yake, kama mtu anayekariri katekisimu.

"Mikonge tisa ya mpaka. Kutoka kwa jiwe jeupe mpaka mtoni, mikonge tisa. Marehemu aliipaka rangi nyekundu kwenye shina, rangi ya reli. Aliibeba kwenye chupa ya soda kutoka kazini kwake, reli. Alisema, hata nikiwa sipo, utaijua iliyo yetu."

"Basi mikonge itasema yenyewe," Wangu alimwambia. "Nani atabisha na rangi ya reli?"

"Mkonge hausemi, dada. Ni mimi ninatakiwa kusema."

Saa tano kasorobo dizeli ilitoka bila povu. Kina mama wanane walilisukuma gari kuelekea barabarani, miguu mitupu, na yule kijana wa ghorofani akaacha mzaha, akateremka, akaweka bega. Lydiah aliachia klachi. Gari lilirukaruka kama punda aliyekataa mzigo, likatoa wingu jeusi, likawaka.

Vigelegele! Lakini Nyamai aliinama dirishani na hakuwa anatabasamu.

"Sikiliza, mama. Usilizime mpaka Tala. Ukilizima utalisukuma. Na kuna oili imebaki kwenye bomba la hewa, huko ndani nisikofika. Kulifungua na kuliosha ni kazi ya masaa matatu, na huna. Tambarare hakuna neno. Mlima wa Koma, gia ya pili, polepole. Pua ya gari ikielekea juu, ile oili itateremka kwenye injini. Ukisikia linapanda lenyewe bila mguu wako…"

"Kibao," Lydiah alisema.

"Kibao. Bomba nimelifunga kwa kamba tu, livute litatoka. Lakini usichelewe. Mara ya pili halitakuvumilia."

Wangu aliingia mbele. Kibao cha chapati alikitia katika kiondo cha Nthoki kule nyuma.

"Kikae na wewe, dada. Hapa mbele mimi na Mama Nduta tuna makalio, tutakikalia."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Nthoki alicheka.

*

Outer Ring ilikuwa tupu. Barabara ya Kangundo ikanyooka mbele yao, na Pijo ikatembea kama gari la miaka ile yake mizuri. Njiru ikapita. Ruai ikapita. Wangu akaanza wimbo wa kanisa.

Halafu mlima wa Koma ukainuka, na wimbo ukakoma.

Gia ya pili. Polepole. Katikati ya mlima moshi ulibadilika. Mwanzoni ulikuwa mweusi. Sasa ulikuwa na buluu ndani yake. Lydiah aliiona kwenye kioo kimoja kilichobaki. Sindano ya joto nayo ilikuwa imelala upande wa hatari.

Aliegesha kando ya barabara, injini ikiunguruma taratibu, akavuta breki ya mkono. Wangu alishuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Lipumzike dakika kumi," Lydiah alisema.

"Saa ngapi?" Nthoki aliuliza.

"Saa sita na nusu."

"Na tukipumzika, tutafika?"

Lydiah alifungua mdomo, na kabla hajajibu pikapu nyeupe ilitokea juu ya mlima, kutoka upande wa Tala. Ilipunguza mwendo. Ikageuka barabarani, ikasimama mbele yao, kichwa kikitazama ilikotoka.

Alishuka mwanamume mnene, mwenye kofia, tabasamu limejaa uso.

Maingi.

"Shemeji!" alisema, na akaivua kofia. "Nimekutafuta mpaka macho yakauma. Wapimaji wamekuja mapema. Wako kwa jirani sasa hivi. Niliwaambia, hapana, hamwezi kupima bila mke wa ndugu yangu. Nikasema nishuke Nairobi nimlete mwenyewe."

"Wewe?" Wangu aliuliza. "Wewe ndiye umlete?"

"Mama, damu ni damu. Maneno ya matanga yalikwisha na matanga." Alilitazama gari lao, moshi wake, sweta lililoraruka kwenye deshibodi. "Hili halifiki. Shemeji, panda. Saa saba uko kwako."

"Tutapanda sote," Lydiah alisema.

"Mbele nina nafasi ya mtu mmoja, mwenyekiti. Nyuma nimebeba majani ya ng'ombe." Aligusa turubai lililofunika mzigo, kwa upole, kama mtu anayefunika mtoto. "Na gari lenu mtamwachia nani?"

Nthoki alimtazama Lydiah. Hakumtazama Maingi hata kidogo.

"Mama Nduta. Niambie kweli. Gari litafika?"

Fikiria uko mahali pa Lydiah, msomaji. Akisema litafika, na lisifike, yeye ndiye aliyemnyang'anya mjane shamba. Akisema halifiki, anamkabidhi kwa mtu ambaye hata jogoo hangemwachia. Lydiah hakujua kudanganya, na siku hiyo kutojua kudanganya hakukumsaidia mtu.

"Sijui," alisema.

Nthoki alitikisa kichwa taratibu. Akashuka na kiondo chake. Akanyoosha rinda.

"Basi nitaenda na anayefika," alisema. "Akiniingiza kwenye mpaka wangu, hata kama ni shetani, nitaonyesha mikonge yangu tisa. Mje nyuma."

Mlango wa pikapu ukafungwa. Maingi akaivaa kofia yake.

Pikapu ilipong'oka, upepo wa Koma uliingia chini ya turubai na kulifunua nusu.

Hayakuwa majani ya ng'ombe.

Yalikuwa mashina ya mkonge, makubwa, yaliyokatwa majani na kung'olewa na mizizi yake, udongo bado mbichi. Na kwenye kila shina, rangi nyekundu. Rangi ya reli.

"Nthoki!" Lydiah alipiga yowe. "Shuka! Nthoki, shuka!"

Hakusikika. Hata yeye mwenyewe hakujisikia, kwa sababu wakati huo huo, nyuma yake, bila mguu wa mtu, injini ilianza kupanda.

Ikapanda. Ikalia. Moshi wa buluu ukatapika barabara nzima. Gari lilitetemeka, na lile jiwe nyuma ya gurudumu likaanza kusogea.

Wangu alikuwa ameshainua boneti. Midomo yake ilikuwa inatamka neno moja, mara tatu, mara nne, mpaka Lydiah akalisoma.

Kibao.

Lydiah aligeuka kuitafuta pikapu. Kichwa cha Nthoki kilionekana kwenye kioo cha nyuma, kimetulia, kinatazama mbele. Kiondo kilikuwa mapajani mwake. Kibao kilikuwa ndani ya kiondo.

Barabara ya Tala inanyooka pale juu ya Koma, hata mgeni hawezi kuikosa.

Maingi alikata kushoto, porini.